Nyenzo Huria katika Vyuo vya Songwe: Kuzipata si Kuzitunza



Reli ya Uhuru inayopita Tunduma ilijengwa kwa miaka mitano tu, tangu 1970 hadi 1975, na mwaka 1976 ikakabidhiwa rasmi kwa serikali za Tanzania na Zambia. Urefu wake ni kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Ilikusudiwa kubeba tani milioni mbili za mizigo kwa mwaka. Lakini katika mwaka 2014/15 haikufikisha hata tani laki moja. Madaraja yalikuwa yale yale na mahandaki yale yale. Kilichopungua ni vichwa vya treni vilivyo vizima, vipuri, na fedha za matengenezo ya kila siku. Anayetaka kuzungumzia nyenzo huria za elimu katika vyuo vya Mkoa wa Songwe hana haja ya kutafuta mfano wa mbali.

Nyenzo huria ni vitabu, mihadhara, picha, mazoezi na mitihani ambayo mwenye haki ametoa ruhusa ya maandishi kwamba yeyote avitumie bila malipo, avinakili, avirekebishe na kuvigawa. Jina hilo lilipatikana katika mkutano wa UNESCO uliofanyika Paris mwaka 2002, na mwezi Novemba 2019 Mkutano Mkuu wa shirika hilo ukapitisha Pendekezo la kuzitaka nchi wanachama ziendeleze nyenzo hizo. Kiini cha jambo lote ni ile ruhusa. Kitu kinachosomwa bure katika intaneti si lazima kiwe huria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 humlinda mwandishi hata kama maandishi yake yamezagaa kila mahali, na mkufunzi anayetoa nakala mia za kitabu cha mtu bila idhini hawi mwanamapinduzi wa elimu kwa sababu tu alikuwa na nia njema.

Fikra yenyewe si ngeni nchini. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma kijitabu kimoja. Wengi huikumbuka kwa redio. Yafaa ikumbukwe zaidi kwa viongozi wa vikundi wapatao 75,000 waliofunzwa kazi hiyo, kwa maana bila wao redio ingesema peke yake. Baadaye Sheria Na. 17 ya mwaka 1992 ilianzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanza kufundisha mwaka 1994. Na kuanzia mwaka 2005 chuo hicho kilishiriki katika mpango wa TESSA, uliowaunganisha wakufunzi wa ualimu wa nchi kadhaa za Afrika kuandika masomo ambayo mwalimu yeyote anaruhusiwa kuyabadili. Masomo hayo yalitolewa pia kwa Kiswahili: kusoma na kuandika, hesabu, sayansi, maarifa ya jamii na sanaa, na stadi za maisha. Kwa hiyo mkufunzi wa Mbozi, Ileje au Momba hawezi kuambiwa kwamba hakuna cha kuanzia.

Mbona basi mambo huanza kwa shangwe na kupoa kabla mwaka haujaisha? Mara nyingi chanzo ni semina. Semina hufanyika, vitambulisho hugawiwa, kompyuta hufunguliwa, picha hupigwa. Mgeni akiondoka, mkufunzi hurudi kwenye vipindi vyake ishirini kwa juma, na kila ukurasa anaoupakua hulipiwa kwa kifurushi alichonunua kwa fedha yake mwenyewe. Asiporekebisha somo lolote hapotezi kitu. Akilirekebisha hapati kitu, kwani katika fomu ya tathmini ya utendaji wake hakuna mahali pa kuliandika. Mtu wa namna hiyo hastahili kuitwa mvivu.

Dawa ya kwanza ni ya kiofisi, tena haina ufahari. Mkuu wa chuo anayetaka nyenzo huria zidumu aziweke katika kasma ya matumizi ya kawaida, pamoja na chaki, umeme na karatasi, asizisubirishe fedha za mradi. Kiasi kinachohitajika si kikubwa. Kompyuta moja ya kuhifadhia, yenye kuwarushia wanafunzi masomo ndani ya eneo la chuo bila intaneti, yaweza kutumikia madarasa mengi. Programu kama Kiwix huwezesha hata kamusi elezo ya Wikipedia isomwe mahali ambapo mtandao haufiki. Lakini kompyuta hiyo itaharibika, na siku hiyo lazima pawe na fungu la kununulia nyingine. Kadhalika ratiba itenge saa za kuandika na kusahihisha, na saa hizo zihesabiwe kuwa kazi. Chuo kiamue vilevile, kwa maandishi, haki ya somo lililoandikwa na mkufunzi wake ni ya nani, na litolewe kwa ruhusa ipi. Pasipo uamuzi huo kila mmoja hufungia maandishi yake katika mkoba, na akistaafu huondoka nayo.

Jambo la pili ni mabadiliko ya mitaala. Mitaala mipya ilianza kutumika shuleni Januari 2024, na kila mabadiliko ya namna hiyo huacha rafu za maktaba zimejaa vitabu vilivyopitwa na wakati. Kitabu cha kununua husubiri chapa mpya. Kitabu huria chaweza kusahihishwa Jumatatu na kufundishiwa Jumanne, ilimradi yuko mtu aliyepewa jukumu hilo na mwenzake wa kumkagua. Bila mkaguzi, uhuru huo huo hueneza makosa upesi kuliko kiwanda chochote cha uchapaji.

Songwe, mkoa uliozaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, una sababu yake pekee ya kutokubali kuwa mpokeaji tu. Tunduma ni lango. Malori ya shaba kutoka Zambia na Kongo hupita hapo. Wanyamwanga wako pande zote mbili za mpaka. Na biashara ya Tunduma na Nakonde huendeshwa kwa lugha zaidi ya moja. Ni nani basi mwenye uwezo wa kuandika somo zuri la taratibu za forodha kwa mwanafunzi wa biashara, kama si mkufunzi awezaye kuwapeleka wanafunzi wake mpakani kwa miguu? Ni nani wa kuandika Kiswahili cha kuanzia kwa mfanyabiashara wa Zambia? Tangu Agosti 2019 Kiswahili ni lugha rasmi ya SADC, na vitabu vya kukifundisha kwa wageni huandikwa mbali na mahali wageni wanapokihitaji kila asubuhi. Kitabu cha namna hiyo kikitolewa huria, chuo cha ng'ambo kitakitumia, kitakisahihisha, na masahihisho yatarudi Tunduma bila ushuru.

Limebaki suala la uhamisho. Katika vyuo vingi kazi hii hushikwa na mtu mmoja mwenye mapenzi nayo, na barua ya kuhamia Rukwa au Katavi ikifika, hufunga mizigo yake na kwenda. Hati ya makabidhiano huorodhesha viti, meza na funguo za stoo. Ndani ya hati hiyo hiyo yaandikwe pia maneno ya siri ya kompyuta ya kuhifadhia, orodha ya masomo yaliyosahihishwa na yale ambayo bado, na jina la mkufunzi atakayeendelea nayo, aliyekwisha kufundishwa kazi kabla mwenzake hajapanda basi.