Mashini ya Kutetemesha na Watu wa Nyumba Yako
Maongezi kwa wamama siku ya kupima watoto

Ninyi wamama mlio nyuma, karibieni kidogo. Watoto watapimwa wote, hakuna atakayeachwa.

Leo sitasema juu ya chanjo wala juu ya mbu. Nitasema juu ya mashini. Najua mmoja wenu anasema moyoni mwake: mashini ni mambo ya wanaume, inanihusu nini? Ngoja, mama. Ni nani anayebeba mchanga na maji pale wanapojenga? Ni nani anayeuza chai na mandazi pembeni ya mashini ya matofali ya simenti, mtoto mgongoni? Tena Butembo ni mji wa biashara, na wamama wengi ndio wenye mali. Mama ananunua mashini, mama analipa fundi, mama anaiweka katika kiwanja, hatua kumi tu toka jikoni. Basi inakuhusu.

Miaka mingi Butembo iliishi kwa grupe. Mwenye grupe alikuwa na mwanga, asiye nayo alikaa na taa ya mafuta. Kule Mutwanga, upande wa Beni, maji ya mlima Ruwenzori yalianza kutoa umeme mwaka 2013, na siku hizi nyaya zimefika katika mitaa mingi ya Beni na ya Butembo pia. Vinu vya unga vimeongezeka, na mashini za matofali, na ile mashini ya kutetemesha beto. Ni vizuri, tunafurahi. Lakini umeme hauna sura wala harufu. Mtoto anaogopa moto sababu anauona. Waya hauogopi.

Mashini hii inafanya kazi namna gani? Chukua baiskeli, funga jiwe upande mmoja wa gurudumu, kisha geuza gurudumu mbio. Baiskeli nzima itaruka-ruka mikononi mwako. Ni hivyo tu. Ndani ya mashini kuna moteri, na kwenye mhimili wa moteri kuna chuma kizito cha upande mmoja. Kinapozunguka, mashini yote inatetemeka, inatikisa beto kama unavyotikisa ungo, na hewa inatoka ili tofali liwe gumu. Nyingi zinazunguka karibu mara 3,000 kwa dakika. Zile ndogo zenye bomba refu, zinazotumbukizwa ndani ya beto, zinaweza kufika mara 12,000.

Sasa sikilizeni neno kubwa la leo. Kazi ya mashini hii ni kutikisa, na haichagui cha kutikisa. Inatikisa beto, lakini inatikisa pia buloni zake zenyewe, na waya wake, na mikono ya anayeishika. Kinu cha unga kinaweza kufanya kazi miezi na waya usiwe na taabu. Mashini ya kutetemesha inavunja waya polepole, kwa ndani, na ngozi ya nje bado ni nzima. Siku moja uzi mmoja wa shaba unagusa chuma cha mashini. Toka saa ile mashini nzima ni umeme. Na chini kuna nini? Maji, simenti mbichi, na miguu mitupu.

Kwa hiyo fundi akija kuiweka, simama pale uangalie. Hapana kuona haya, fedha ni yako. Mwulize: waya wa ardhi uko wapi? Ni ule wenye rangi ya kijani na manjano. Unatoka kwenye chuma cha mashini, unapita katika kabla, unafika kwenye fimbo ya chuma iliyopigwa ndani ya udongo. Fundi akisema "si lazima, mama, inatembea vizuri bila ule", mjibu kwamba kutembea inatembea, lakini ule si wa mashini, ule ni wa watu. Mwulize tena juu ya kikata-umeme, kile kisanduku kinachozima chenyewe umeme unapopotea njia. Kinachofaa kulinda mtu kimeandikwa 30 mA. Kiko na kidude kidogo cha kujaribia: ukikibonyeza, lazima umeme uzimike palepale. Kibonyeze kila mwezi. Kisipozima, ni pambo la ukuta tu.

Mashini ifungwe juu ya chuma kinene, kilicho sawasawa. Hapana kuifunga juu ya ubao unaolegea. Buloni zikazwe zote, kisha mashini itembee kama robo saa, izimwe, zikazwe tena. Jioni ya siku ya kwanza, tena. Baadaye kila juma. Wengi wanakaza siku moja na kusahau, na buloni moja iliyolegea inavunja nyingine. Vyuma vizito vya ncha mbili za moteri viwekwe sawa kwa sawa, bila hivyo moteri itajiharibu yenyewe. Kabla isivutwe ikakazika kama kamba ya kuanikia nguo. Iachiwe nafasi icheze, na iwe ile ya mpira laini, si waya mgumu wa ukutani. Pahali ilipoungwa pasifungwe kwa sashe. Ninasema hivi sababu naziona hizo sashe kila mahali, hata sokoni.

Mambo ya kuosha. Simenti ikikauka juu ya mashini, mtoto wa kazi anachukua ndoo ya maji na kuimwagia huku bado inakula umeme. Hapana! Kwanza kuzima, kisha kuchomoa kwenye prize, kisha kungoja vyuma vya ndani visimame kabisa, ndipo kufungua au kuosha. Na ile ya bomba isiachwe itembee hewani bure. Beto ndiyo inayoipoza, pasipo beto inaungua.

Kama mashini yako ni ya grupe, hapana kuweka grupe ndani ya nyumba wala mbele ya dirisha. Moshi wake unaua watu waliolala, bila kelele.

Kuna dalili moja ambayo hata mtoto ataweza kukuambia: "Mama, ile chuma inanichoma-choma kama sisimizi." Usimgombeze, usimwambie anasema uongo. Zima, chomoa, ita fundi. Mashini ile isiguswe mpaka imetengenezwa, hata kama mwenye matofali anangoja na fedha mkononi.

Na kama mtu amekwisha kushikwa na umeme? Mkono wake unajikunja wenyewe, hawezi kuachia hata akitaka. Wewe mama, roho yako itakuambia umkimbilie umvute. Usimguse. Ukimgusa mtakuwa wawili. Zima kwanza umeme, au chomoa. Kama haiwezekani, simama pahali pakavu, msukume atoke kwa mti mkavu, mpini wa jembe kwa mfano, si chuma wala mti mbichi. Lakini waya mkubwa wa barabarani ukianguka, hata mti hautafaa. Kaeni mbali wote, na watoto wafukuzwe.

Akiachiwa, mwite, tazama kifua. Haitiki na hapumui vizuri? Mlaze chali juu ya kitu kigumu. Weka kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, ukandamize kwa nguvu, kifua kishuke kama sentimita 5 kwa mtu mzima, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha, wengine wakitafuta gari au pikipiki. Ukichoka, mwenzako apokee. Pahali palipoungua pamwagiwe maji safi ya baridi dakika 20. Hapana dawa ya meno, hapana mafuta, hapana udongo.

Hata kama amesimama na kucheka, aletwe hospitali. Umeme unaacha kidonda kidogo kwenye ngozi na kikubwa ndani, na moyo unaweza kupiga vibaya. Na wewe mama mwenye mimba, ukishikwa hata kidogo tu, njoo siku ileile. Wewe waweza kujisikia mzima, lakini lazima tusikilize moyo wa mtoto. Tena mama mwenye mimba asisimame juu ya mashini inayotetemeka, wala asiuze chakula karibu sana nayo. Mkiwa karibu, mkono mmoja tu kati yenu, na mnapaswa kupaza sauti ili msikilizane, kelele hiyo inaharibu masikio, na ya mtoto aliye mgongoni pia.

Simenti mbichi nayo inachoma ngozi. Haiumi palepale, ndiyo maana watu wanaidharau. Jioni mguu unawaka, kesho ni kidonda. Osha mapema kwa maji mengi. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi dakika 20, kisha mwende kwa mganga.

Bado neno moja, la bwana yako au kijana wako anayeshika mashini hii kutwa nzima. Mwaka 1918 daktari mmoja mwanamke wa Marekani, Alice Hamilton, alikwenda Bedford, Indiana, kwa wachonga mawe waliotumia nyundo za hewa. Aliona vidole vyao vinakuwa vyeupe kama vya mfu wakati wa baridi. Mtetemo unaharibu mishipa midogo ya damu na ya fahamu. Butembo yetu iko juu, zaidi ya mita 1,700, na asubuhi kuna baridi, kwa hiyo tutaona jambo hili kuliko ndugu zetu wa Beni kwenye joto. Anaweza kusema amerogwa, au ni uchovu tu. Mwangalie anapofunga vifungo vya shati. Kama vidole vinakufa ganzi, vinageuka vyeupe, au anaangusha kikombe, aanze kupunguza saa. Na kumbuka hesabu hii: mtikisiko ukiwa mara mbili, saa za kushika zishuke mpaka robo. Wafanye kwa zamu. Ashike mpira wa bomba, si kichwa cha chuma, avae glavu ili apate joto, na asivute sigara, sababu sigara inabana mishipa ileile.

Akija kwetu, aseme wazi ni mashini gani anashika, tangu mwaka gani, na saa ngapi kwa siku. Wanaume wengi wanasema tu "mikono inaniuma", wanapewa vidonge na kurudi. Wewe mama, uje naye, useme kile ulichoona.