Chama cha Wachimba Chuma wa Chhattisgarh



Mara nyingi twaulizwa: je, chama cha wafanyi kazi kifanye siasa, au kishike habari za mshahara tu? Leo tutawaeleza habari za wenzetu wa Bara Hindi, kisha mtashauriana wenyewe.

Katika milima ya Dalli Rajhara, nchi ya Chhattisgarh, huchimbwa mawe ya chuma kwa ajili ya kiwanda kikubwa cha Bhilai. Wachimbaji wengi zamani walikuwa vibarua wa makontrakta, na vyama vikubwa viliwaangalia zaidi watu wa kudumu. Mwaka 1977 maelfu walitoka katika vyama hivyo, wakaunda chao, wakamwita Shankar Guha Niyogi, aliyekuwa ametoka kifungoni, awaongoze. Juni ya mwaka ule polisi waliwapiga risasi, wakafa watu 11.

Hawakutawanyika. Walijenga hospitali kwa mikono na michango yao, ikafunguliwa mwaka 1983, ikaitwa Hospitali ya Mashahidi kwa ajili ya wale waliouawa. Tena walipiga vita ulevi, maana nyongeza ya mshahara ilikuwa ikiishia kwa wauza pombe. (Wengine wetu hatupendi kusikia hayo, lakini ndivyo ilivyokuwa.)

Waliunda pia chama cha siasa, Chhattisgarh Mukti Morcha, kudai jimbo lao lisilo na unyonyaji. Bendera yake ni nyekundu kwa mfanyi kazi, kijani kwa mkulima. Chama kidogo! Mwaka 1985 Janaklal Thakur alipata kiti katika baraza la jimbo, na tena mwaka 1993.

Lakini Niyogi alipokwenda Bhilai kuwatetea vibarua wa viwanda vya watu binafsi, alipigwa risasi usiku akiwa amelala, tarehe 28 Septemba 1991. Tarehe 1 Julai 1992 wafanyi kazi walikaa juu ya reli kudai haki zao, na polisi wakaua zaidi ya kumi.

Kesi ya Niyogi iliendelea mpaka mwaka 2005. Mahakama Kuu ya India ilimfunga maisha aliyefyatua risasi. Wenye viwanda walioshtakiwa pamoja naye wakaachiliwa. Jimbo la Chhattisgarh liliundwa mwaka 2000. Chama chenyewe, kwa kuondokewa na kiongozi, kiligawanyika. Hilo nalo tusilifiche.

Sasa mwenye swali na asimame.