Barua Isiyostahili Jawabu

Wasikilizaji watukufu mlioko Muaither, nchini Qatar, na ninyi jamaa zao mlioko Mombasa, Unguja na Kampala: barua pepe za hadaa zina namna nyingi, lakini iliyo na madhara makubwa kwa watu wetu ni ile iahidiyo kazi ya Doha, yenye nembo ya kampuni na muhuri wa serikali, ambayo mwisho wake ni kumtaka maskini atume fedha ya viza kabla jua halijatua.

Basi na ijulikane ya kwamba sheria ya kazi ya Qatar, nambari 14 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 33, yamkataza wakala mwenye leseni kupokea kwa mfanyakazi ada au gharama yoyote ya kuajiriwa. Seuze laghai asiye na leseni.

Wako wajifurahishao kwa kumjibu laghai huyo, wakimtania na kumtukana. Kichekesho kipo, hekima siioni, kwani jawabu lolote, hata la matusi, humthibitishia kuwa anwani ile ina mwenyewe.

Nambari ya siri iletwayo na benki katika simu yako usimpe mtu, hata akijiita afisa wa polisi. Na ikiwa fedha imekwisha kutoka, iarifu benki saa ile ile, kisha upeleke mashtaka, pamoja na barua zote bila kufuta hata moja, kwa idara ya Wizara ya Mambo ya Ndani ishughulikiayo jinai za mtandao, ambazo Qatar imezitungia sheria tangu mwaka 2014.