Mawe ya Daktari Wilson

Leo twende Antaktika, mwaka 1912.

Tarehe 17 Januari mwaka huo, Waingereza watano chini ya Kapteni Robert Scott walifika Ncha ya Kusini na kukuta Roald Amundsen wa Norway amewatangulia kwa mwezi mzima na zaidi. Wakageuza. Wote watano walifia njiani. Mimi nataka tutazame kitu kimoja tu: mzigo wa mawe uliokuwa kwenye sleji yao.

Tarehe 8 Februari, wakiteremka mto wa barafu wa Beardmore, walisimama karibu na Mlima Buckley. Sleji waliikokota wenyewe kwa mikanda, na chakula kilikuwa cha kupimiwa. Hata hivyo, Daktari Edward Wilson, mkuu wa wanasayansi wa msafara, aliinama kwenye miamba akaanza kuchagua mawe. Palikuwa na tabaka za makaa ya mawe, na kwenye baadhi ya mawe chapa za majani, vishipa vyake bado vinaonekana. Majani, msikilizaji, katika nchi isiyo na hata mti mmoja!

Wakapakia kilo 16 hivi. Oates, mmoja wa wale watano, akaharibika miguu kwa baridi, nguvu zikawaishia, lakini mawe hawakuyatupa. Waliokwenda kuwatafuta walilikuta hema lao mwezi Novemba, na mawe yakiwa pamoja na sleji. Wapo wanaosema uzito ule ndio uliowamaliza. Sikubaliani nao: baridi ilizidi matarajio, mafuta ya jiko yalipungua kwenye akiba walizoziacha njiani, na dhoruba ikawafungia hemani.

Mwaka 1914 Profesa Albert Seward wa Cambridge alitoa taarifa yake kuhusu mawe hayo. Majani yale yalikuwa ya Glossopteris, mti uliotoweka zamani sana, ambao visukuku vyake vilikwisha kupatikana India, Afrika Kusini, Australia na Amerika Kusini. Mti mmoja, pande zote hizo za bahari! Januari ile ile Scott alipofika Ncha, Mjerumani Alfred Wegener alikuwa ameeleza hadharani kwamba mabara yaliwahi kushikamana, kisha yakaachana. Wataalamu wengi walimpinga kwa miongo kadhaa, na Glossopteris ikawa miongoni mwa ushahidi uliomtetea.

Bara la kale lililounganisha nchi hizo za kusini huitwa Gondwana, na Afrika yetu ilikuwa ndani yake. Makaa ya mawe ya Kiwira na Ngaka, kusini mwa Tanzania, yalitokana na mimea ya Permia, enzi ile ile ya Glossopteris.