Jeuri ya Nyumbani na ya Kazini

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama mjini Ukunda. Yachapwa hapa kwa ajili ya ndugu wa Msambweni, Shimoni na Lunga Lunga ambao hawakuweza kufika.)



Kabla sijasimama hapa, ndugu mmoja aliniuliza mlangoni: chama cha wafanya kazi kinahusikaje na ugomvi wa mke na mume? Kazi yetu, alisema, ni mshahara, masaa na likizo. Swali lake ni la haki, nami nitalijibu kwanza.

Mpishi aliyepigwa usiku hafiki jikoni saa kumi na moja alfajiri. Akifika, hufika na uso uliovimba, na bwana msimamizi humwuliza kwa nini amechelewa. Baada ya barua ya tatu ya onyo yuko nje, na shauri lake laletwa kwetu kama shauri la utoro. Tumeyashughulikia mashauri ya namna hiyo bila kuuliza sababu yake. Tena, anayepiga naye mara nyingine ni mwanachama, kadi anayo na ada amelipa. Na zaidi ya hayo, mwaka wa 1954 Kamati ya Carpenter ilisema wazi kwamba mshahara wa Mwafrika wa mjini ulikuwa mshahara wa mtu mseja, usiomtosha mwenye mke na watoto. Vyama vikadai mshahara wa kulisha jamaa nzima. Aliyedai kulisha jamaa hawezi kugeuka akasema kwamba jamaa ile ile ikipigwa, hilo si shauri lake.

Sasa tutazame Serikali zetu zimefanya nini, maana watu husema sheria hakuna, na si kweli.

Sheria ya Makosa ya Jinai ya mwaka 1930 ilikuwa na kifungu cha kubaka. Lakini kwa miaka mingi msichana aliyelindwa nayo kwa sababu ya umri ni yule wa chini ya miaka 14 tu, na mahakama zilifuata desturi ya Kiingereza kwamba neno la mwanamke peke yake ni la kuangaliwa kwa shaka, sharti apatikane mwingine wa kuliunga mkono. Mwizi wa kuku aliweza kufungwa kwa ushahidi wa mwenye kuku. Desturi hiyo ilidumu hata baada ya Uhuru, mpaka mwaka 2003 Mahakama ya Rufaa iliposema kuwa ni ubaguzi juu ya wanawake.

Kupigwa ndani ya nyumba hakukuwa na sheria yake. Mwaka 1959 ilitungwa sheria ya kumlazimisha mwanamume kumtunza mtoto aliyemzaa nje ya ndoa. Mwaka 1969, tukijitawala wenyewe, Bunge likaifuta. Ukaja Mswada wa Ndoa. Uliletwa Bungeni mwaka 1976 ukaanguka, ukaletwa tena mwaka 1979 ukaanguka tena. Miongoni mwa mambo yaliyowaudhi Waheshimiwa ni kwamba ungefanya kumpiga mke kuwa kosa. Wengine walisimama wakatetea kofi kama sehemu ya mila ya Kiafrika na njia ya kufundisha mke. Hayo yalisemwa Bungeni mchana, na watu walioshiba. Sheria moja ya ndoa kwa nchi nzima ilikuja kupatikana mwaka 2014.

Mwaka 1985 wanawake wa dunia walikutana Nairobi, na mwaka ule ule mawakili wanawake wakaanzisha FIDA hapa Kenya. Lakini kilichoshtua nchi zaidi ya mikutano yote ni usiku wa tarehe 13 Julai 1991, katika shule ya St. Kizito huko Meru. Wavulana walivamia bweni la wasichana. Wasichana 19 walikufa na 71 walibakwa. Hapo ndipo wengi walianza kuona kwamba jambo tuliloliita la aibu, la kunong'onwa, ni jambo la uhai na mauti.

Basi, hatua zikaanza kufuatana. Mwaka 2004 kituo cha polisi cha Kilimani, Nairobi, kiliweka dawati la kuwasikiliza watu wa namna hii kwa faragha, na vituo vingine vikafuata. Mwaka 2006 Bi. Njoki Ndung'u, mbunge wa kuteuliwa, alipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana. Haikupita kwa amani. Mbunge mmoja alitoa maneno juu ya wanawake wa Kiafrika na kukataa kwao, hata wabunge wanawake wakainuka wakatoka nje. Ili sheria ipite ilikatwa huku na kule. Mume aliyeoa kwa halali aliachwa nje ya kosa la kubaka, na kikaingizwa kifungu cha kumtisha mlalamikaji kwamba akionekana amesema uongo ataadhibiwa yeye. Kifungu hicho cha pili kilifutwa mwaka 2012. Cha mume kilibaki.

Pamoja na upungufu huo, ile ni sheria yenye meno. Anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake hufungwa maisha. Mtoto wa miaka 12 hadi 15, kifungo kisichopungua miaka 20. Wa miaka 16 hadi 18, kisichopungua miaka 15. Na Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2024 kwamba hakimu hana ruhusa ya kushuka chini ya hapo. Akina baba wenye watoto wa kiume wakubwa, hesabuni miaka hiyo pamoja nao.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 29, yasema kila mtu ana haki ya kutofanyiwa jeuri, iwe imetoka kwa Serikali au kwa mtu binafsi. Mtu binafsi ni pamoja na mume, baba, mjomba na bwana mwajiri. Mwaka 2015 ikapatikana sheria ya kuzuia jeuri ya nyumbani. Hii mwanachama aijue vizuri, maana haihesabu kofi peke yake. Imetaja kunyimwa fedha za matumizi, matusi na vitisho, kumfuatafuata mtu, ndoa ya mtoto, ndoa ya kulazimishwa, kumwingilia mke kwa nguvu ndani ya ndoa, na hata jamaa za mume kujiingiza katika nyumba ya watu. Naona akina mama wanacheka. Mavyaa wamo katika sheria, ndiyo. Chini ya sheria hii mtu huenda mahakamani akapewa amri ya ulinzi, na mwenye kumtesa akakatazwa kumkaribia. Si lazima avunjike mkono kwanza.

Lakini sheria iliyo katika karatasi haitembei yenyewe. Mwaka 2013, huko Busia, msichana wa miaka 16 alibakwa na kundi la vijana, na polisi waliowakamata wakawapa adhabu ya kukata nyasi kituoni, kisha wakawaachia. Nchi ilipiga kelele na dunia pamoja nayo, ndipo mwaka 2015 watatu wakafungwa miaka 15. Wasichana wadogo wa Meru nao waliishtaki polisi yenyewe kwa kutowapeleleza waliowanajisi, na mwaka huo huo wa 2013 Mahakama Kuu ikasema polisi walivunja haki zao. Ile hukumu haikuangalia aliyetenda peke yake, iliangalia na askari aliyeketi asiandike kitu. Ukifika kituoni ukaambiwa nenda mkazungumze nyumbani, ikumbuke.

Je, kuna mafanikio? Uchunguzi wa Serikali wa mwaka 2014 ulikuta wanawake 45 katika kila 100 wamepata kupigwa tangu walipotimiza miaka 15. Ule wa mwaka 2022 ulikuta 34. Basi imepungua, lakini bado ni mmoja katika kila watatu. Mwaka 2021 Rais Kenyatta aliahidi mbele ya dunia kwamba jeuri hii itakwisha ifikapo mwaka 2026. Kisha polisi wenyewe wakatangaza kwamba kati ya Agosti na Oktoba 2024 waliuawa wanawake 97. Ahadi ile na hesabu hii haziendi pamoja.

Nije hapa kwetu Kwale.

Mwaka 2006 Serikali na UNICEF walitoa taarifa juu ya watoto wanaotumiwa na watalii na wenye fedha katika Pwani. Walichunguza Malindi, Kilifi, Mombasa na Diani. Walikadiria wasichana kati ya 10,000 na 15,000 wameingia katika biashara hiyo. Watu walikimbilia kuwalaumu Wazungu, lakini taarifa ile ilisema pia kuwa katika kila wanunuzi 100, Wakenya walikuwa 38. Nalitaja hili kwa sababu ni rahisi kuona dhambi ya mgeni aliyeshuka ndegeni, na vigumu kuona ya bwana anayekaa mtaa wa pili.

Hoteli kadhaa zilitia sahihi mapatano ya kuwalinda watoto, na milango ikakazwa. Biashara nyingine ikahamia nyumba za kupangisha zilizo ndani ya miti, zisizo na kitabu cha wageni. Nani huona? Huona mlinzi wa lango, mfua nguo, mpishi wa nyumba, dereva wa tuktuk. Ni sisi. Sheria ya 2006 yasema kampuni inayopanga safari za kuwatumia watoto itozwe faini isiyopungua shilingi milioni mbili, na mtu afungwe miaka isiyopungua 10. Mfanya kazi aliyeona akatoa habari hastahili kufukuzwa kazi, na akifukuzwa, hilo ndilo shauri ambalo chama kitalipeleka mbele bila kusita.

Jambo la pili la hapa ni kumaliza mambo kinyumbani. Kwa Wadigo wa zamani mtoto alikuwa wa ukoo wa mama, na mjomba alikuwa na neno kubwa juu yake. Baraza la wazee si kitu cha kudharau. Limeamua mashamba na mahari, nami naliheshimu. Lakini mtoto anaponajisiwa, kisha wazee wa pande mbili wakakaa, ikatajwa fedha, akatajwa mbuzi, na mambo yakafungwa kwa fatiha, mtoto amepata nini? Fedha huzipokea baba. Mtoto hukutana na yule mtu kisimani. Sheria haiwaruhusu wazee kufuta kesi hiyo, wala chifu, wala mkubwa wa kituo. Kifungu cha 40 kiliiweka amri ya kuiacha kesi mikononi mwa Mwanasheria Mkuu, na tangu Katiba mpya mashtaka yako kwa Mkurugenzi wa Mashtaka. Kosa hilo ni juu ya Jamhuri.

Likitokea, fanyeni hivi. Hospitali kwanza, Msambweni au yoyote iliyo karibu, kabla ya saa 72 kwisha, maana dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI hazifai baada ya hapo, na hunywewa siku 28. Dawa ya kuzuia mimba yaweza kutolewa hadi saa 120, lakini mapema ni bora. Asioge. Najua ni jambo gumu, kwa desturi yetu mtu hutaka kujitoharisha mara moja. Lakini maji huondoa ushahidi. Nguo zifungwe katika karatasi au kitambaa, si mfuko wa nailoni, kwa sababu unyevu huziozesha. Daktari ajaze fomu ya huduma baada ya kubakwa, polisi watoe P3, na msitoke kituoni bila nambari ya kitabu cha matukio. Simu ya bure ni 1195, na ya watoto ni 116. Shanzu, ng'ambo ya kivuko, iliwekwa mahakama maalumu ya kesi hizi mwaka 2022.

Mwisho ni mahali pa kazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 6, yasema mwajiri mwenye watu 20 au zaidi sharti aandike taratibu za kuzuia wanawake na wanaume kusumbuliwa kwa ajili ya mwili wao, tena aziandike baada ya kushauriana na wafanya kazi au wajumbe wao. Kwa hiyo katika hoteli hizi taratibu hizo hazifai kuwa siri ya ofisi. Lakini tazameni matundu mawili. Kifungu chataja mwajiri, wakala wake na mfanya kazi mwenzio, hakikumtaja mgeni. Binti anayepeleka chai chumbani akamkuta mgeni hana nguo anajua ninalosema. Na yaya au mpishi wa nyumba ya mtu binafsi, aliye peke yake, hafiki hesabu ya watu 20.

Mkataba wa 190 wa Shirika la Kazi la Dunia, uliopitishwa Geneva Juni 2019, waziba matundu hayo. Unahesabu jeuri ya mteja, ya njiani kwenda na kurudi kazini, na ya vyumba wanamolazwa wafanya kazi. Nao wataka jeuri ya nyumbani itazamwe kwa jinsi inavyomwathiri mtu kazini. Somalia iliukubali mwaka 2021 na Uganda mwaka 2023, Kenya ikiwa bado inaungojea. Lakini mkataba wetu na waajiri hauna haja ya kungoja Geneva wala Nairobi. Halmashauri imeandika madai manne ya mazungumzo yajayo: watu wawili wapeleke huduma vyumbani usiku, gari kwa kila anayetoka baada ya saa nne usiku, komeo ndani ya kila mlango wa vyumba vya wafanya kazi, na siku 5 zenye malipo kwa mwanachama anayehitaji kwenda hospitali, polisi au mahakamani kwa sababu ya jeuri ya nyumbani, bila kulazimishwa kumweleza msimamizi wake habari yote.

Dai la gari ndilo watakalolikataa kwanza, kwa sababu lina gharama. Katibu ataka majina ya hoteli na saa za kutoka zamu, hasa upande wa Galu ambako watu hutembea mbali gizani mpaka barabara kuu. Kitabu kiko mezani hapa mbele. Walio zamu ya usiku leo waandike kwanza, wapate kuwahi kazini.