Vitz na V8, Bei Moja

Kwa bima ndogo, Vitz na V8 za binafsi hulipiwa sawa Tanzania: shilingi 118,000 kwa mwaka, VAT ikiwemo. Sheria inalazimisha hiyo tu, nayo humfidia aliyegongwa. Bampa lake, mwenye gari atajua mwenyewe.

Bima kubwa, inayolinda na gari lenyewe, ndiyo hufuata thamani ya gari. Kwa kiwango cha asilimia 3.5, IST ya shilingi milioni 12 inadaiwa 420,000; ongeza VAT, zinafika 495,600. Zaidi ya mara nne!

Si ajabu wengi hubaki na ndogo. Shida huja pale bodaboda asiye na bima anapovunja taa ya gari kwenye foleni ya Mwenge: mwenye IST huenda Ilala kusaka spea ya mtumba, kwa fedha yake.