Vifungo, Ndoo na Binti Yangu
(Maneno aliyoyasema mwanachama mwenzetu katika mkutano wa mwaka)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, na ninyi ndugu zangu tuliokula maharage pamoja katika bwalo hili.

Nimeombwa niseme machache juu ya kazi niifanyayo baada ya saa za ofisi. Binti yangu ana miaka 10, naye ana usonji. Daktari Leo Kanner aliieleza hali hii huko Marekani mwaka 1943, lakini wengi wetu bado twaiita utundu, au kulogwa. Sivyo. Masikio na ngozi yake husikia kuliko vyetu. Lebo ya blauzi shingoni humchoma kama upupu. Ndoo ya bati ikigonga sakafu ya bafuni, hukimbia na povu mwilini. Basi kabla ya kumfundisha kuoga tulinunua ndoo ya plastiki.

Katika kuvaa nilimwiga Maria Montessori, daktari wa Kiitalia aliyefungua nyumba ya watoto mjini Roma mwaka 1907. Yeye alitumia fremu za mbao zenye vitambaa viwili, mtoto afunge na kufungua. Seremala akanichongea moja, sentimita 30 kila upande. Mke wangu akashonea khanga kuukuu, maana jinzi mtoto haigusi kabisa. Vifungo vya kwanza vilikuwa vikubwa kama vya koti, matundu mapana.

Lakini fremu ikilala mezani, kushoto na kulia hupishana na vile nguo ikaavyo mwilini. Alifunga vyema mezani, kifuani akashindwa. Tukashona kizibao chenye vifungo vilevile. Sisi hufunga karibu chote, yeye humalizia kuvuta. Akizoea, twamwachia na hatua iliyotangulia. Kifungo kimoja kilichukua miezi mitano. Mtu aliyezoea kungoja mafaili hilo halimtishi.

Linalonitisha ni jingine. Karibu atakuwa mwanamwali, na mimi na mama yake hatutaishi milele. Sitaki aje aogeshwe na kuvishwa na watu asiowajua.

Mwalimu Mkuu amekubali vijana wa kidato cha tatu watengeneze fremu 20 na vizibao 20 kwa watoto wa shule ya msingi jirani. Karakana ipo. Tunahitaji mbao, vitambaa vilivyolainika na vifungo vya kila ukubwa. Karatasi ya kujiandikisha anayo Katibu, pale mlangoni.